Bahari Ndani ya Nyumba: Samaki Wavumilivu kwa Mfugaji Anayeanza

Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga. Msemo huo aghalabu hunenwa juu ya wanadamu, lakini katika ufugaji wa samaki wa baharini nyumbani una pande mbili. Mfugaji hana budi kuwa mvumilivu kabla ya kununua samaki, na samaki naye hana budi kuwa mvumilivu baada ya kununuliwa. Akikosekana mmoja wa hao wawili, tangi lililogharimu akiba ya miezi mingi hugeuka kaburi kwa muda wa wiki moja.

Katika Ulaya, Marekani na Japani wako watu wengi ambao, ingawa wanaishi mbali na pwani, huweka sebuleni tangi la kioo lenye maji ya chumvi, mawe, matumbawe yaliyo hai na samaki wa rangi. Katika miji ya Afrika ya Mashariki desturi hiyo bado ni ya wachache. Hata hivyo, baadhi ya samaki wanaopamba nyumba hizo za ng'ambo hutoka katika bahari ya pwani yetu, hasa Kenya, ambako wavuvi wapiga mbizi huwakamata kwa nyavu ndogo na wafanyabiashara huwasafirisha kwa ndege. Kwa hiyo jambo hili si geni kabisa kwetu, na mtu anayetaka kulijaribu nyumbani kwake yafaa aanze kwa kujua samaki yupi wa kuanza naye, na yupi wa kumwacha hata akipewa bure.

SAMAKI WA ZIWA NA SAMAKI WA MWAMBANI

Msomaji wa Uganda amezoea ngege na sangara wa Ziwa Victoria. Ngege huishi katika bwawa lenye tope, huvumilia maji yenye hewa haba, na mvua kubwa ikinyesha usiku kucha haimuui. Mtu aliyewahi kufuga ngege anaweza kudhani kwamba samaki wote wana roho ngumu namna hiyo. Huko ndiko kujidanganya kunakoanzia.

Samaki wa mwamba wa matumbawe amezaliwa katika maji mengi mno, ambayo chumvi yake ni karibu ile ile mchana na usiku, na joto lake halipandi wala kushuka kwa ghafla. Hakufundishwa na maumbile kukabiliana na mabadiliko ya haraka. Tena mwili wake hufanya kazi kinyume cha mwili wa samaki wa ziwani. Ni tabia ya maji kupenya na kuelekea penye chumvi nyingi. Damu ya ngege ina chumvi kuliko ziwa, basi maji huingia mwilini mwake bila kualikwa, naye huyatoa kwa mkojo mwingi. Damu ya samaki wa baharini ina chumvi pungufu kuliko bahari, basi maji humtoka saa zote, naye hulazimika kunywa bahari na kuitoa chumvi kwa njia ya mashavu yake. Kazi hiyo haina likizo. Chumvi ya tangi ikipanda leo na kushuka kesho, samaki huwa kama mtu anayebebeshwa mzigo mpya kila saa, na maradhi humkuta amechoka.

Kwa sababu hiyo neno "mvumilivu" lazima lieleweke vyema. Samaki mvumilivu si yule asiyekufa. Ni yule ambaye makosa madogo ya mwanafunzi hayamwui mara moja, bali humpa bwana wake nafasi ya kujirekebisha.

TANGI KWANZA, SAMAKI BAADAYE

Wengi hudhani kwamba tangi dogo ni jepesi kutunza. Ukweli ni kinyume. Katika lita 20 za maji, punje chache za chakula kilichooza au mchana mmoja wa jua kali huweza kuharibu kila kitu. Katika lita 100 kosa lile lile hupungua makali. Kwa anayeanza, tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kimo cha 40 linafaa. Likijazwa maji na mawe uzito wake hupita kilo 120, basi lisiwekwe juu ya kabati la vyombo wala kimeza cha redio, bali juu ya meza imara iliyonyooka, mbali na dirisha lipitishalo jua.

Akaaye mbali na bahari huchanganya maji mwenyewe. Chumvi ya jikoni haifai. Katika chumvi ya bahari, sehemu 85 hivi kwa mia ni ile chumvi ya kawaida, lakini zilizobaki zina magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu na vitu vingine ambavyo viumbe vya mwambani haviwezi kuishi bila hivyo. Kwa hiyo hununuliwa chumvi iliyotengenezwa mahsusi kwa matangi ya bahari. Kila lita huhitaji gramu 35 au zaidi kidogo, yaani tangi la lita 100 humeza karibu kilo tatu na nusu kwa mara ya kwanza. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini lazima yasafishwe kwanza, maana klorini huunguza mashavu ya samaki. Kipimo cha chumvi kisomeke kati ya 1.024 na 1.026, na joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za sentigredi.

Baada ya hapo ndipo unapokuja mtihani wa subira. Samaki hutoa uchafu uitwao amonia, nao ni sumu. Katika mawe na mchanga wa tangi lililokomaa huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni kidogo na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Hukuzwa kwa kutia kipande kidogo cha nyama ya kamba ndani ya tangi lisilo na samaki, kikaachwa kioze, na maji yakapimwa mara kwa mara kwa dawa za kupimia. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Siku ambayo amonia na nitriti zote mbili zinasomeka sifuri huku nitrati ikiwa imeonekana, siku hiyo ndiyo tangi limefaulu.

Zamani watu walikuwa wakitupa samaki wagumu ndani ya tangi jipya ili uchafu wao uwalishe bakteria. Wengine walikufa, waliosalia waliishi na mashavu yaliyoungua. Njia hiyo ni ya ukatili na haina haja tena.

ALAMA TANO ZA SAMAKI MVUMILIVU

Uchaguzi wa samaki hauanzi kwa rangi. Kuna maswali matano ambayo mnunuzi anapaswa kuyauliza.

La kwanza, anakula nini? Afaaye ni yule anayekula chakula kikavu cha punje na kamba wadogo waliogandishwa. La pili, akikua atafikia urefu gani? Katika tangi la lita 100, atakayepita sentimita kumi ni mgeni asiye na chumba. La tatu, tabia yake ikoje? Wako samaki wadogo kama kidole gumba ambao huwapiga wenzao hadi kuwaua. La nne, amezaliwa wapi? Aliyezaliwa katika matangi ya wafugaji amezoea kioo, watu na chakula cha kopo tangu utotoni. Aliyekamatwa mwambani amepitia wavu, mfuko wa plastiki, ndege na njaa. La tano, anayaacha matumbawe kwa amani? Maana yuko samaki mzuri wa sura ambaye chakula chake ni yale matumbawe yenyewe.

Anayejibu vyema maswali yote matano ndiye wa kuanza naye.

WANAOFAA

Wa kwanza ni samaki wa anemoni, yule mwenye rangi ya chungwa na mistari mitatu myeupe, ambaye wataalamu humwita Amphiprion ocellaris. Watoto wengi walimjua kwa filamu iliyotoka mwaka 2003. Ndugu zake wa jamii moja wanaishi katika miamba ya Kenya na Tanzania, lakini yeye mwenyewe asili yake ni mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Amekuwa akizalishwa katika matangi tangu miaka ya 1970, hula karibu kila kitu, na akitunzwa huishi zaidi ya miaka kumi. Baharini hujificha katika anemoni, kiumbe chenye minyiri inayouma, lakini nyumbani haihitaji. Tena anemoni ni ngumu kutunza kuliko samaki mwenyewe, basi anayeanza asiinunue. Samaki hawa wote huzaliwa wakiwa madume. Wakiwekwa wawili wadogo, mwenye nguvu hukua na kuwa jike, na mwenzake hubaki dume. Jike akifa, dume hupanda cheo na kuwa jike. Kwa hiyo hakuna haja ya kumwuliza muuzaji yupi ni yupi; wanunuliwe wawili wasiolingana kimo, nao watapangana wenyewe.

Wa pili atapendwa hasa na wasomaji wa ukurasa huu, maana kazi yake ni zamu. Ni gobi mlinzi wa rangi ya manjano, Cryptocentrus cinctus. Hukaa mchangani kwenye mlango wa shimo, macho yake makubwa yakizunguka huku na huku. Shimo lenyewe hakulichimba yeye. Limechimbwa na kamba mdogo ambaye haoni vizuri, afanyaye kazi siku nzima ya kusukuma mchanga nje huku papasi yake moja ikigusa mwili wa gobi. Hatari ikitokea, gobi hutikisa mkia, na kamba hurudi ndani. Hatari ikizidi, wote wawili huingia. Mmoja ana macho, mwingine ana nguvu za kuchimba, nao huishi nyumba moja bila ugomvi. Gobi huyu huweza kukaa hata bila kamba. Anataka mchanga wa kutosha na mawe yaliyosimama imara juu ya sakafu ya tangi, si juu ya mchanga, ili uchimbaji usije ukayaangusha.

Wa tatu ni kadinali wa Banggai, Pterapogon kauderni, mwenye mwili wa fedha, mistari myeusi na mapezi marefu yenye nukta nyeupe. Ni mpole, huogelea polepole, na dume ndiye mlezi: huyabeba mayai mdomoni kwa muda wa wiki tatu hivi, kisha huwahifadhi humo watoto walioanguliwa kwa siku kadhaa zaidi, na muda huo wote hali. Asili yake ni visiwa vichache vya Banggai, karibu na Sulawesi nchini Indonesia. Biashara ilipomvamia katika miaka ya 1990, idadi yake ilipungua sana, na mwaka 2007 aliwekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Yafaa anunuliwe yule tu aliyezalishwa na wafugaji, naye awe mmoja au jozi iliyokwisha kuzoeana.

Wa nne ni grama wa Karibi, Gramma loreto, ambaye nusu ya mbele ni zambarau na nusu ya nyuma ni manjano kama aliyechovywa katika ndoo mbili za rangi. Hukaa karibu na pango lake na hula bila kubembelezwa. Atoshe mmoja tu, kwa kuwa wawili watagombea pango.

Wa tano ni samaki mwale, Nemateleotris magnifica, mweupe kwa mbele na mwekundu kama kaa la moto kwa nyuma, ambaye hupatikana pia katika miamba ya Afrika ya Mashariki. Ni mtulivu na havamii mtu, lakini ana dosari moja: akishtuka huruka. Wengi wa aina hii hawafi kwa maradhi, bali hukutwa asubuhi wamekauka sakafuni. Tangi lake lazima liwe na kifuniko cha wavu mdogo.

WA KUWAACHA

Upande huu ndio unaoponza mifuko ya watu. Chukuliwe mfano wa sajini mmoja aliyengojea wiki sita tangi lake likomae, kisha akaenda dukani na binti yake wa miaka kumi. Macho ya mtoto yanatua kwa samaki wa buluu iliyokolea, mwenye mkia wa manjano.

"Baba, huyu!"

"Afande, mtoto ana jicho," anasema muuzaji. "Huyu ndiye wanayemtaka wote. Tena angalia, ni mdogo tu, atakaa bila taabu."

"Akikua atafika wapi?"

Muuzaji anakuna kichwa, kisha anatenganisha viganja vyake polepole. "Huko baharini, afande, hufika sentimita thelathini."

"Na tangi letu lina sentimita themanini." Sajini anainama usawa wa mtoto. "Mwanangu, je, ng'ombe wa Ankole anaweza kufugwa jikoni?"

"Hawezi, baba. Pembe zake zitagonga ukuta."

"Huyu naye ni hivyo hivyo. Leo ni ndama. Twende tumtazame yule mlinzi wa manjano."

Sajini huyo ameokoa fedha na uhai. Samaki wa buluu, Paracanthurus hepatus, ni mwogeleaji wa masafa. Katika tangi dogo hudhoofika na kushambuliwa na madoa meupe. Wapo na wengine. Samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, hula wadudu wanaong'ang'ania miili ya samaki wakubwa, na katika tangi dogo hufa njaa. Samaki mandarini, mwenye michoro kama kitambaa cha hariri, hula vidudu vidogo vya mwambani siku nzima, na tangi changa huvimaliza kwa siku chache. Kitatange wengi hudonoa matumbawe. Yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, Dascyllus trimaculatus, ambaye yumo kwa wingi katika bahari yetu, kwa ugumu wa roho hana mpinzani. Lakini akishakua hulifanya tangi zima kuwa milki yake na kuwasumbua wote wanaoingia baada yake. Hapo msomaji aone kwamba ugumu peke yake si sifa ya kutosha. Askari mwenye nguvu asiye na nidhamu huharibu kikosi, na samaki mgumu asiye na amani huharibu tangi.

IDADI NA UTARATIBU

Kwa tangi la lita 100, samaki wanne wanatosha: jozi ya samaki wa anemoni, gobi mlinzi mmoja, na ama grama ama kadinali. Atakayeuliza mbona wachache, akumbuke kwamba kila samaki anayeongezwa huongeza amonia, na bakteria huhitaji muda wa kuongezeka ili waimudu.

Wapole waingie kwanza, wenye kujitawalia waingie mwisho. Gobi aanze, baada ya wiki mbili au tatu afuate kadinali au grama, na samaki wa anemoni wamalizie. Mpole akiwa tayari ana pahali pake, mgeni mkali hukuta mji una wenyewe.

Dukani, mnunuzi aombe kumwona samaki akila. Asiyekula mbele ya mwenye duka hatakula nyumbani. Amtazame pumzi: mashavu yanayopiga haraka, mapezi yaliyobanwa, macho yenye ukungu, tumbo lililobonyea au madoa kama chembe za chumvi, hizo ni dalili za kumwacha. Kununua samaki mgonjwa kwa huruma ni kuuleta ugonjwa nyumbani.

Ikiwezekana, kila mgeni akae katika tangi dogo la pekee kwa wiki nne kabla ya kuingia kwenye tangi kubwa. Madoa meupe yakitokea, atibiwe huko huko, kwa sababu dawa ya shaba inayowaua vijidudu vya ugonjwa huo huwaua pia kamba, konokono na matumbawe. Siku ya kumhamisha, mfuko wake uelee kwanza juu ya maji mpaka joto lilingane, kisha maji ya tangi yatiwe mfukoni kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa. Aliyesafiri safari ndefu asikawishwe zaidi ya hapo, maana uchafu hujazana mfukoni. Halafu samaki achotwe kwa wavu na maji ya mfuko yamwagwe nje.

KAZI ZA NYUMBANI

Lishe ni mara moja au mbili kwa siku, kwa kiasi kitakachomalizwa kwa dakika mbili. Watoto hupenda kulisha. Wagawiwe zamu, na iandikwe ukutani, ili samaki asilishwe na watu watatu kwa asubuhi moja. Kila wiki sehemu ya kumi ya maji ibadilishwe kwa maji mapya yaliyochanganywa siku iliyotangulia. Maji yakipungua kwa kukauka, yaongezwe maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu kikaukacho ni maji tu, chumvi haiondoki. Kosa hili moja, la kuongeza maji ya chumvi juu ya chumvi, limewaua samaki wengi wa wanaoanza.

Umeme ukikatika, hatari ya kwanza ni kukosa hewa, maana pampu husimama na maji ya moto hushika hewa kidogo. Pampu ndogo ya hewa itumiayo betri ni kitu cha kununuliwa kabla ya samaki. Waya zote zining'inizwe zikiwa na tumbo chini ya soketi, ili tone linaloteremka juu ya waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Na mtu asitie mkono majini kabla ya kuzima vifaa.

Jambo jingine la usalama: matumbawe fulani laini yafananayo na vifungo vya rangi huweza kuwa na sumu kali sana. Asiyavunje mtu kwa mikono mitupu, asiyachemshe mawe yenye viumbe hivyo, na mwenye kidonda asiyaguse. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kazi, na sabuni hiyo isikaribie tangi.

Familia za askari zina swali lao la pekee, nalo ni uhamisho. Amri ikija, tangi haliwezi kusukumwa kama meza. Samaki husafirishwa katika ndoo safi zenye vifuniko na hewa, pamoja na maji yao wenyewe kadiri yanavyoweza kubebwa. Mawe hufungwa yakiwa majini au yamefunikwa vitambaa vilivyoloa, kwa kuwa bakteria wote wamo humo. Safari ikiwa ya siku nyingi, ni afadhali samaki wapewe mfugaji mwingine mapema. Naye baba akienda kazini kwa miezi, aliyebaki nyumbani ndiye mfugaji halisi. Kwa hiyo mama na watoto wajue vipimo vyote tangu siku ya kwanza, na kama hawakubali kazi hiyo, tangi lisinunuliwe.

DENI KWA BAHARI

Yako mambo mawili ambayo mnunuzi hayaoni dukani. La kwanza ni sumu ya sayanaidi. Tangu miaka ya 1960 wavuvi wengine wa Ufilipino, na baadaye wa Indonesia, walipulizia sumu hiyo mwambani ili samaki walevye na kukamatwa kwa urahisi. Samaki wa namna hiyo huweza kuonekana mzima dukani, akala, kisha akafa baada ya wiki chache mikononi mwa mtu ambaye hakukosea lolote; na matumbawe yaliyomwagiwa sumu hubaki yamekufa huko nyuma. La pili ni joto la bahari. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Afrika ya Mashariki yaligeuka meupe na kufa. Kenya ilikuwa imekwisha kutenga hifadhi za bahari huko Malindi na Watamu tangu mwaka 1968, ambamo kuvua ni marufuku, lakini mpaka wa hifadhi hauzuii joto.

Kwa hiyo swali la nne kati ya yale matano, la kwamba samaki amezaliwa wapi, lina uzito kuliko linavyoonekana. Anayenunua samaki wa anemoni aliyezalishwa na wafugaji hapunguzi kitu mwambani, na anapata samaki aliyekwisha kuzoea maisha ya kioo. Hapo faida ya bahari na faida ya mfugaji zimekuwa moja. Akikosekana wa kuzalishwa, muuzaji aulizwe samaki amevuliwa wapi na kwa chombo gani. Na asiyeweza kujibu, bidhaa yake iachwe.

Mwenye nyumba anayetaka kuanza, basi, aweke kalenda mezani kabla ya kuweka fedha. Ahesabu wiki sita za tangi tupu, na wiki nne za kila mgeni katika tangi la pekee. Majirani watakaopita katika wiki zile za mwanzo watauliza kwa nini kioo kimejaa maji na mawe bila samaki. Wajibiwe kwamba samaki hawajaitwa bado, kwa sababu nyumba yao haijawa tayari.